Mvua haiji bila kubisha hodi: kila kartie ya Likasi inahitaji mtu wa daftari

LIKASI – Mwezi wa kumi ukifika, mji mzima unatazama juu. Vumbi la barabara linaingia mpaka ndani ya masufuria. Porini, miti ya miombo imekwisha kuvaa majani mapya mekundu kabla ya tone hata moja kuanguka. Mchana joto linapita nyuzi 30. Mama anayeuza makala pembeni ya barabara kule Kikula anauliza. Kijana wa pikipiki anauliza. Mtoto anayetoka shuleni Panda anauliza. Swali ni lile lile: leo itanyesha?

Kwa mwenye nyumba ya matofali, jibu likikosea, hasara yake ni nguo zilizoachwa kwenye kamba na gunia la makala lililolowa. Kwa familia iliyohama kwao na kulala chini ya bashi, jibu likikosea ni unga uliolowa, godoro lililojaa matope, mtoto anayetetemeka usiku kucha, na wakati mwingine radi. Anga ni moja, lakini haiwapigi watu wote sawa.

Kwa hiyo swali hilo lisiachiwe bahati. Kila kartie, katika komini zote nne za Likasi, Kikula, Panda na Shituru, inafaa iwe na mtu mmoja anayepima joto, unyevu na mvua kila siku, anayeandika alichopima, na anayewaambia majirani kabla ya saa sita ya mchana. Mtu huyo hahitaji diploma. Anahitaji kopo, daftari, uvumilivu, na moyo wa kukubali kwamba jana alikosea.

Anga ya hapa ina tabia yake

Mji wa Likasi uko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo unatoka zaidi kusini-mashariki, nao ni mkavu. Ndiyo sababu usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi huuma, na mbingu inabaki tupu wiki baada ya wiki. Jua linapoanza kurudi kusini mwezi wa tisa, ardhi iliyokauka inapata moto haraka, na mwezi wa kumi joto linafika kileleni.

Kisha upepo unageuka. Hewa yenye unyevu inateremka Katanga kutoka kaskazini na magharibi, kutoka upande wa msitu mkubwa wa bonde la Kongo na, mbali zaidi, bahari ya Atlantiki. Hewa hiyo ikipashwa moto na ardhi ya mchana inapanda juu, inapoa, inakuwa wingu, na wingu linakuwa tufani. Kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu ndiyo kazi ya kila siku ya mbingu za huku. Sehemu hii ya Katanga hupokea karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka katika miezi hiyo ya mvua. Milimita moja ni lita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba. Maana yake ni lita 1,200 juu ya kila mita ya lupango, na mbingu haizigawi kwa vipimo vya upole.

Mwenyeji anayajua haya bila kuambiwa. Mgeni hayajui. Anayetoka Kivu amezoea misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na anapoona Likasi miezi mitano bila tone anadhani huku hakuna mvua ya kuogopa. Anayetoka Manono amezoea nchi ya chini yenye joto zaidi. Akifika katikati ya miezi ya jua, anapewa kiwanja mahali pa bure, na mahali pa bure mara nyingi ni bondeni, kwenye njia ya maji. Hakuna aliyemdanganya. Njia ya maji ikiwa kavu inafanana na kiwanja kingine chochote.

Likasi inapaswa kukumbuka jambo hili kuliko miji mingine. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai, zilizofukuzwa makwao, zilikaa kwenye gare ya mji huu zikingoja treni, wakati wa mvua na wakati wa jua. Baadaye zikaja familia zilizokimbia vita vya Mitwaba, Pweto na Manono, eneo ambalo watu wamelipa jina la pembetatu ya kifo. Kila mara, adui wa pili aliyewafuata baada ya bunduki alikuwa maji.

Simu haitoshi

Wengine watasema kazi hii imekwisha fanywa: vijana wana simu, na simu inaonyesha wingu na asilimia. Ni kweli, na simu isitupwe. Lakini inafaa kujua inachosema. Utabiri wa bure unaoonekana kwenye simu nyingi unatoka kwenye kompyuta kubwa za Ulaya na Marekani, ambazo zinaigawa dunia katika miraba yenye upande wa kilomita 9 mpaka 25 hivi. Ndani ya mraba mmoja wa namna hiyo, Kikula, Panda na Shituru zinaweza kuingia zote. Tufani ya mchana mara nyingi ina upana wa kilomita chache tu. Kila mkaaji wa Likasi amewahi kuona mvua ikipiga komini moja huku jirani zao wakikausha mihogo juani. Simu inaweza kusema kwamba leo mkoa una unyevu wa kutosha kwa tufani. Haiwezi kusema itapita mtaa gani.

Mettelsat, shirika la serikali la hali ya hewa, lina kazi yake, na kazi hiyo iheshimiwe. Lakini nchi hii ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3. Hakuna shirika litakaloweka kituo katika kila kartie. Pengo lililobaki linaweza kuzibwa na majirani wenyewe.

Kopo, kitambaa na daftari

Vifaa havimshindi mtu. Kwa mvua, kopo lenye pande zilizonyooka, kwa mfano la maziwa ya unga, linawekwa wima mahali peupe, mbali na mti na ukuta, na kuzungushiwa mawe ili upepo usiliangushe. Kila asubuhi saa moja, maji yanapimwa kwa rula, yanaandikwa kwa milimita, kisha yanamwagwa. Hiyo ndiyo kazi yote, lakini isirukwe hata Jumapili.

Namba hizo zina matumizi ya hapo hapo. Bati la mita 3 kwa 4 lina mita 12 za mraba. Mvua ya milimita 40 juu ya bati hilo ni lita 480, yaani bidoni 24 za lita 20. Mama anayejua hesabu hiyo anajua mambo mawili: kwamba ameachilia maji ya siku kadhaa yapotee, na kwamba maji hayo hayo, yasipochimbiwa mfereji, yanaingia kwa jirani yake wa chini.

Kwa unyevu, vinatosha vipimajoto viwili kivulini. Kimoja kinaachwa kikavu, kingine kinafungwa kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha yake, na kupepewa kidogo. Kitambaa kinapokauka kinapoza kipimajoto. Hewa ikiwa kavu, maji yanakauka upesi na tofauti inakuwa kubwa: mwanzoni mwa mwezi wa kumi kikavu kinaweza kusoma 32 na cha kitambaa 18. Hewa ikijaa unyevu, kitambaa hakikauki vizuri, na tofauti inashuka mpaka nyuzi 6 au 5. Siku tofauti inapoanza kupungua asubuhi baada ya wiki za ukavu, mwenye daftari anajua mlango umefunguliwa.

Kipimo hicho kinaeleza pia jambo ambalo mwili unalijua. Joto la mwezi wa kumi linachoma, lakini jasho linakauka na mtu anapata nafuu kivulini. Joto la mwezi wa kumi na mbili linanata. Jasho halikauki, na jasho lisipokauka halipozi. Chini ya bashi mchana, mahali ambapo hewa haipiti, mtoto mchanga, mzee na mama mjamzito wanaweza kuzidiwa hata kama kipimajoto kinaonyesha namba ndogo kuliko ile ya mwezi wa kumi. Siku ya namna hiyo, ujumbe wa mwenye daftari hauhusu mvua kabisa. Ni huu: fungueni pande za hema, wapeni watoto maji mara kwa mara, kazi nzito ifanyike asubuhi.

Kisha kuna macho. Asubuhi mbingu ni safi. Saa nne vinatokea vijiwingu vyeupe kama pamba. Vikibaki vidogo na bapa, siku itapita salama. Vikianza kupanda juu kama moshi wa tanuru kabla ya saa sita, hewa ina nguvu. Saa nane kichwa cha wingu kinatanda juu kama fuawe la mhunzi, na chini yake panakuwa peusi. Halafu unakuja upepo wa baridi wa ghafla, wenye harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Hapo mvua imekwisha kubisha hodi, na dakika zilizobaki zinahesabika.

Nusu saa ya Palabek

Mtu akiona kwamba haya ni mambo ya kupitisha muda, na akumbuke Palabek. Hiyo ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Lamwo, kaskazini mwa Uganda. Jumamosi tarehe 2 Novemba 2024, watu walikusanyika kwa maombi ndani ya jengo la mabati. Polisi ya Uganda ilieleza kwamba mvua ilianza karibu saa kumi na moja jioni, na radi ikapiga kama saa kumi na moja na nusu. Watu 14 walikufa na 34 wakajeruhiwa. Walikuwa wamekimbia vita, wakapata nchi ya kuwapokea, wakauawa na wingu.

Kati ya mvua na radi kulikuwa na nusu saa, na nusu saa ni muda mrefu kwa mtu anayejua la kufanya. Tatizo ni kwamba familia zilizohama mara nyingi hazina pa kwenda. Bashi halimkingi mtu na radi. Kibanda cha miti na mabati hakimkingi pia, kwa sababu umeme hauna waya wa kuupeleka ardhini salama. Mahali palipo bora ni jengo kubwa la matofali lenye nyaya na mabomba, kama shule au ofisi, au ndani ya gari lenye paa la chuma, milango na vioo vikiwa vimefungwa.

Kanuni zenyewe mtoto wa darasa la pili anaweza kuzishika. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawanya kwa 3, utapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na kwa umbali huo tufani tayari inaweza kukufikia. Ukisikia ngurumo, toka shambani, toka mtoni, acha mpira, usijikinge chini ya mti ulio peke yake. Kama hakuna jengo, watu wasikumbatiane mahali pamoja, watawanyike. Ngurumo ya mwisho ikipita, ngojeni dakika 30 kabla ya kutoka. Na aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini: mshikeni mara moja, na kama hapumui, msaidieni kupumua na kumkandamiza kifua mpaka msaada ufike. Wengi wamekufa wakitazamwa na ndugu walioogopa kuwagusa.

Radi haina anwani ya mtu

Hapa kuna jambo gumu zaidi, na ndilo linalofanya daftari liwe na maana kuliko kopo. Katika sehemu nyingi za nchi hii, radi ikiua mtu, swali la kwanza huwa ni nani aliyeituma. Mwezi wa kumi wa mwaka 1998, gazeti moja la Kinshasa liliandika kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja ya mpira huko Kasai, na wachezaji wa timu ya pili wakabaki wazima. Uvumi wa uchawi ulienea upesi kuliko habari yenyewe.

Na uvumi wa namna hiyo humwangukia nani? Mara nyingi ni mjane, mzee anayekaa peke yake, au mgeni ambaye ukoo wake haujulikani mtaani. Familia iliyohama haina wajomba wa kuitetea. Kartie yenye daftari linaloonyesha kwamba siku ile kitambaa kilionyesha unyevu mwingi tangu asubuhi, kwamba wingu lilipanda kabla ya saa sita, kwamba ngurumo ilisikika mara 20 kabla ya ile iliyoua, ina ushahidi wa kuweka mezani mbele ya shefu wa kartie. Daftari halimfufui aliyekufa. Linaweza kumwokoa anayetafutwa baada ya mazishi.

Wazee wasiachwe nje

Mtu wa daftari asijifanye mwerevu kuliko wazee. Kuna wanaosoma majani ya miombo, kuna wanaosikiliza vyura, kuna wanaongoja inswa warukao jioni. Dalili hizo zimelisha watu kabla ya kipimajoto kuletwa. Magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi, unaojulikana kwa kusoma mvua, umekaa meza moja na wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Kenya. Kila upande ulileta utabiri wake wa msimu, wakalinganisha, na ujumbe mmoja ukapelekwa kwa wakulima kwa lugha yao. Hakuna aliyemdharau mwenzake, na mkulima hakulazimishwa kuchagua kati ya babu na satelaiti.

Likasi inaweza kufanya hivyo kwa daftari. Mzee akisema inswa wamruka, iandikwe. Mvua ikija au isipokuja baada ya hapo, iandikwe pia. Baada ya misimu mitatu, dalili yenye nguvu itajionyesha, na ile dhaifu nayo. Faida kubwa itakuwa ya mkulima. Kila mwaka kuna wanaopanda mahindi baada ya mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi, kisha jua linarudi siku kumi, mbegu inaoza au inakauka, na hakuna pesa ya kununua nyingine. Mwaka 2024, ukame uliifanya Zambia itangaze janga la taifa, na kwa mji ambao bukari yake inategemea sana unga wa Zambia, hiyo haikuwa habari ya nchi ya mbali. Kila kiroba kinachovunwa nyumbani kina maana.

Asiwe nabii

Hatari moja inabaki. Mtu anayetabiri mvua mara tatu na kupatia huanza kuitwa nabii, na nabii haruhusiwi kukosea. Mtabiri wa mtaa lazima akatae heshima hiyo. Asiseme "itanyesha saa nane". Aseme: "Leo hewa ina unyevu, mawingu yanapanda mapema, kuna hatari kubwa ya tufani kati ya saa nane na saa kumi na mbili. Fungeni mabashi, ondoeni watoto mtoni." Isiponyesha, kesho yake aseme mbele ya wote kwamba haikunyesha, na aandike. Jirani akimcheka, "Papa, mvua yako imepotea njia!", ajibu kwa upole kwamba imepita kwa wengine, na kama kuna kopo kartie ya pili, atajua imepita wapi.

Ndiyo sababu kopo moja halitoshi. Yakiwa kumi, kutoka mtaa wa juu mpaka bondeni, mji utajua tufani zake hutokea upande gani, zinapita njia ipi, na bonde gani linajaa kwanza. Redio za mji zina sauti. Zikipewa namba kumi kila asubuhi, kuzisoma ni kazi ya dakika mbili. Shule zina watoto wanaojifunza vipimo bila kuwa na cha kupima. Makanisa na misikiti yenye majengo ya matofali yana milango, na kinachotakiwa ni kukubaliana mapema nani ana ufunguo saa tisa ya mchana siku ya Jumatano.

Kuzuia mvua hakuwezekani, na kuwapa wote nyumba za matofali kunahitaji serikali na pesa ambazo familia zilizohama zimezingoja miaka. Lakini kumwambia mama aliyefika mwezi wa saba kwamba kiwanja alichopewa ni mto wa mwezi wa kumi na mbili hakugharimu kitu. Aambiwe sasa, wakati udongo bado ni mkavu na bashi lake bado linaweza kung'olewa na kuhamishiwa juu kidogo.